Kinachopita Bombani: Historia ya Mita, Maji na Mafuta Pwani ya Tanga

Mkoa wa Tanga una mabomba ya aina tatu. La kwanza huleta maji ya mto Zigi kutoka bwawa la Mabayani hadi kwenye nyumba za mjini. La pili hupokea petroli na dizeli kutoka melini. La tatu linatokea Uganda na kuishia Chongoleani, kaskazini mwa mji, na limekusudiwa kubeba mafuta ghafi. Wamiliki ni tofauti, bei ni tofauti, na hata ukubwa wa bomba haulingani. Swali ndilo moja: kimepita kiasi gani?

Gunia la mahindi huwekwa kwenye mizani, likatulia, likasomwa. Kinachopita bombani hakitulii. Kinakwenda gizani, kwa kasi inayobadilika kila dakika, na kikishapita hakirudi kupimwa upya. Ndiyo maana kwa karne nyingi watu waliokuwa hodari wa kupima nafaka, pembe za ndovu na nguo hawakuwa na kipimo cha maji yanayotembea. Kipimo hicho kilikuja polepole, na takriban kila mahali kililetwa na sababu moja: mtu alianza kulipia.

Mtungi, zamu na debe: kabla ya 1900

Kusini mwa mdomo wa mto Pangani, pwani ya Mrima inapita Kipumbwi na Mkwaja hadi Saadani. Katika ukanda huu maji yalichotwa visimani, mara nyingi yakiwa na ladha ya chumvi, na yakahesabiwa kwa mitungi. Biashara ilikuwa na vipimo vyake: kibaba na pishi kwa nafaka, frasila kwa pembe na nazi kavu. Maji hayakuwa na kipimo cha namna hiyo kwa sababu hayakuwa bidhaa ya kupimiana.

Palipokuwa na maji yanayotiririka, watu waligawana muda, si ujazo. Wachaga waliochimba mifongo, yaani mifereji ya asili, kwenye miteremko ya Kilimanjaro walipangiana zamu. Oman, ambako familia nyingi za pwani hii zina asili, maji ya falaj, yaani mfereji wa jamii, yaligawanywa kwa athar, kipindi cha takriban nusu saa. Mchana kivuli cha jua kilionyesha mwisho wa zamu. Usiku zilitazamwa nyota. UNESCO iliingiza mifumo mitano ya falaj katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, na baadhi ya jamii bado hugawana maji kwa utaratibu huo.

Kugawana kwa muda kuna hekima yake. Kiangazi kikiingia na maji yakapungua, zamu ya kila mmoja hupungua kwa uwiano uleule, na hakuna anayehitaji kujua ni lita ngapi zimepita. Utaratibu huo unafaa kwa wabia wanaomiliki mfereji pamoja. Pakiwa na muuzaji na mnunuzi, unashindwa.

Bomba la maji lilipofika Zanzibar, halikuja na muuzaji. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alitoa maji kwenye chemchemi zilizo nje ya mji na kuyaleta Mji Mkongwe kwa mabomba, bila malipo. Maji yakaendelea kutazamwa kama haki ya mkazi. Mamlaka ya Maji Zanzibar, ZAWA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2006, na hata baada ya hapo suala la kulipia maji kwa dira, yaani mita ya maji, lilikuwa gumu visiwani.

Wakati huohuo kipimo kipya kilikuwa kikisambaa kimyakimya pwani nzima. Mafuta ya taa kutoka ng'ambo yaliingizwa katika makopo ya bati ya galoni nne za Kiingereza, karibu lita 18, mawili kwa kila sanduku. Mafuta yalipokwisha, kopo halikutupwa. Likawa debe: la maji, la mahindi, la mchanga wa kujengea. Chombo cha mafuta kikawa kipimo cha maji muda mrefu kabla ya mita kufika, na ndoo ya lita 20 inayotumika leo kwenye vioski vya maji vijijini imerithi kazi yake.

Kutoka Roma hadi Holyoke: 97–1888

Mji wa Roma ulikuwa na tatizo la bili miaka 1,900 iliyopita. Mwaka 97 Sextus Julius Frontinus aliteuliwa kusimamia maji ya jiji hilo na kukuta daftari zisizokubaliana. Maji yaliyoingia kwenye mifereji mikuu hayakulingana na yaliyorekodiwa, na yaliyogawiwa hayakulingana na yaliyoingia. Kila mteja aliruhusiwa mdomo wa shaba wa ukubwa maalumu, uliopigwa muhuri. Frontinus alipokagua alikuta midomo iliyozidi kipimo, mingine haina muhuri, na mabomba ya siri yaliyochimbiwa chini ya barabara.

Wizi ulikuwepo kweli, lakini sehemu ya tofauti aliyoikuta ilitokana na kipimo chenyewe. Warumi walipima eneo la tundu pekee. Bomba la upana uleule hutoa maji mengi likiwa chini ya tangi lililoinuka, na machache likiwa karibu usawa wa tangi. Frontinus aliliona hilo kwa mbali, ila hakuwa na njia ya kuliingiza katika hesabu.

Kanuni ilitamkwa wazi mwaka 1628 na mtawa Mwitaliano Benedetto Castelli, mwanafunzi wa Galileo: kiasi kinachopita kwa muda fulani ni eneo la njia mara kasi ya maji. Kuanzia hapo, kazi yote ya kupima mtiririko ikawa kazi ya kutafuta kasi. Mwaka 1732 Henri Pitot alizamisha katika mto Seine, jijini Paris, mrija uliopinda na kuelekezwa kwenye mkondo. Maji yalipanda ndani yake kadiri mto ulivyokwenda kasi. Miaka sita baadaye Daniel Bernoulli alichapisha kitabu kilichofungamanisha kasi na shinikizo. Mwaka 1797 Giovanni Battista Venturi alieleza kinachotokea bomba linapobanwa: maji huharakisha penye ufinyu na shinikizo lake hushuka.

Uvumbuzi huo ulilala vitabuni karibu karne nzima. Aliyeuamsha ni mhandisi Clemens Herschel wa Holyoke, Massachusetts, mji ambao kampuni moja ilikuwa ikiviuzia viwanda nguvu ya maji ya mfereji. Viwanda vilivuta maji kwenye mabomba makubwa, na hapakuwa na kifaa cha kuonyesha nani amevuta kiasi gani. Katika miaka ya 1880 Herschel alitengeneza bomba lililobanwa katikati, akapima tofauti ya shinikizo kati ya sehemu pana na sehemu finyu, na kwa tofauti hiyo akapata mtiririko. Akaipa mita hiyo jina la Venturi. Herschel huyohuyo ndiye aliyechapisha tafsiri ya Kiingereza ya maandishi ya Frontinus mwaka 1899.

Gesi ilikuwa imetangulia. Kampuni iliyoundwa mwaka 1812 kuangaza London kwa gesi ilitoza kwa idadi ya taa na saa za kuzima. Wateja waliacha taa zikiwaka baada ya saa walizolipia, na kampuni ikalazimika kutuma wakaguzi mitaani usiku. Samuel Clegg alibuni mita ya gesi karibu mwaka 1815, na kufikia katikati ya karne zikaja mita kavu zenye mifuko ya ngozi inayojaa na kumwaga kwa zamu. Bili ikaanza kufuata matumizi, na mkaguzi wa usiku akakosa kazi.

Mkonge, reli na mito: 1893–1961

Mwaka 1893 mambo mawili yalianza katika mkoa wa Tanga. Ujenzi wa reli uliondoka bandarini kuelekea Usambara, na ungefika Moshi mwaka 1911. Mwaka huohuo, Kikogwe, karibu na Pangani, ilipandwa mikonge iliyoagizwa na Mjerumani Richard Hindorf kutoka Florida. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa, 62 ilifika hai.

Yote mawili yalikuwa na kiu. Injini ya mvuke ilihitaji kujazwa maji njiani, na kiwanda cha mkonge kilihitaji maji mengi kuosha nyuzi. Hata hivyo, mwenye shamba hakuuziwa maji kwa lita. Sheria za maji za wakati wa Waingereza zilimpa haki ya kuchota kiasi fulani mtoni, na haki hiyo iliandikwa kwenye karatasi, si kwenye mita. Aliyechota zaidi aligundulika pale jirani wa chini alipokaukiwa.

Umeme ndio uliolazimisha vipimo vya kudumu. Mto Pangani uliwekewa mitambo tangu miaka ya 1930, kisha Hale mwaka 1964, na Pangani Falls mpya ya megawati 68 mwaka 1995. Mhandisi wa mtambo hawezi kukisia: kila mita ya ujazo inayopita kwenye mashine ni umeme, na kila inayochotwa juu kwa umwagiliaji ni umeme uliopotea. Nguzo zenye alama za kina zilisimamishwa mitoni, wasomaji wakaandika daftari asubuhi na jioni. Takwimu za aina hiyo ndizo zilizotumika baadaye kupanga maji ya majumbani.

Maji bila bili: 1965–1997

Baada ya uhuru, serikali iliyachukulia maji kama huduma, si bidhaa. Kuanzia 1965 ilibeba gharama za kujenga miradi ya vijijini, na mwaka 1971 ikatangaza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi maji karibu na nyumba yake ifikapo 1991. Kijijini maji yalikuwa bure. Wahisani waligawana mikoa, na Tanga ikawa chini ya Wajerumani, waliokamilisha mpango mkuu wa maji wa mkoa mwaka 1976. Miaka miwili baadaye bwawa la Mabayani likakamilika kwenye mto Zigi, ambao hutiririka kutoka milima ya Usambara Mashariki.

Kwa kizazi kilichokua kikichota maji ya chumvi, hatua hiyo ilikuwa kubwa. Ila mfumo ulikuwa na upofu ndani yake. Bomba lisilo na dira halisemi linavuja wapi. Mtambo unaweza kusukuma maji usiku na mchana, mtaa mmoja ukafurika na mwingine ukakauka, na mkuu wa idara asijue kama maji yamepotea ardhini, yameibwa, au yametumika tu. Miji mingi ilitoza kiwango kimoja kwa mwezi kwa kila mteja. Anayemwagilia bustani na anayenunua sabuni ya vipande walilipa sawa.

Mafuta ya dizeli yalipopanda bei na vipuri vikaadimika, pampu zikaanza kunyamaza mapema miaka ya 1980. Sera ya Maji ya 1991 ikaleta dhana ya kuchangia gharama. Sheria ya mwaka 1997 ikazifanya idara za maji za mijini kuwa mamlaka zinazojitegemea kuanzia Januari 1998. Mamlaka inayojitegemea hulipa umeme wake na mishahara yake kutokana na maji inayouza. Ghafla, kila lita iliyopotea ilikuwa na bei.

Dira ukutani: 1998 hadi leo

Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Tanga, Tanga UWASA, ilijipatia sifa mapema kwa kuwafungia wateja wake dira wakati miji mingi bado ikikadiria. Kifaa chenyewe ni rahisi. Maji yanapoingia huzungusha gurudumu dogo lenye mapanga. Mzunguko huo hupita kwenye meno ya giya hadi kwenye tarakimu. Tarakimu nyeusi ni mita za ujazo, na ndizo zinazoingia kwenye ankara. Nyekundu ni sehemu zake. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20.

Urahisi huo una udhaifu wake, na mabishano ya dirisha la huduma kwa wateja hutokana nao. Maji yakikatika kisha yakarudi, hewa iliyojaa bombani hutangulia, na gurudumu halitofautishi hewa na maji. Mteja anayelalamika kwamba dira ilizunguka kabla hajaona tone ana hoja. Upande wa pili, dira iliyochakaa kwa kawaida humwibia muuzaji: meno yakilegea, gurudumu halisogei kwa mtiririko mdogo, na bomba linalodondosha usiku kucha halisomwi kabisa. Kanuni za kimataifa zimekubali kwamba dira ya kawaida inaweza kukosea hadi asilimia 2 kwenye mtiririko wa kawaida, na hadi asilimia 5 kwenye mtiririko mdogo sana. Dira isiyokosea kabisa haipo.

Faida kubwa ya dira haikuwa bili. Mamlaka iliweza kwa mara ya kwanza kulinganisha mita kubwa ya chanzo na jumla ya dira za wateja. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo inayoitwa upotevu wa maji, na ikishajulikana mtaa kwa mtaa, fundi anajua pa kuchimba. EWURA, iliyoanza kazi ya udhibiti mwaka 2006, iliifanya namba hiyo kuwa moja ya vipimo vya kuzipanga mamlaka zote nchini kila mwaka.

Namba zinazoaminika zilifungua mlango mwingine. Februari 2024 Tanga UWASA ilizindua hatifungani ya kijani ya miaka 10, yenye riba ya asilimia 13.5, ikitafuta Sh53.12 bilioni. Wawekezaji walileta zaidi ya kiasi kilichoombwa, asilimia 103, na hatifungani ikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Fedha zilikusudiwa kuongeza uzalishaji kutoka mita za ujazo 45,000 kwa siku hadi 60,000, kupanua mtandao, na kufunga dira za malipo ya kabla. Mwenye fedha hakopeshi mto. Hukopesha mapato yanayoweza kuhesabiwa, na bila dira hatifungani hiyo isingekuwa na msingi.

Leo mamlaka hiyo inahudumia pia miji ya Muheza na Pangani. Vijiji, pamoja na vya kata ya Mkwaja inayopakana na Hifadhi ya Taifa ya Saadani, viko chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanzishwa mwaka 2019. Huko mteja wa kawaida huchota kituoni kwa ndoo, na kamati ya maji ya jamii ndiyo inayokusanya. Vipimo vinakuwa viwili vinavyochungana: dira ya kituo inasema kimetoka kiasi gani, fedha za ndoo zinasema kimeuzwa kiasi gani. Zikitofautiana, mkutano wa kijiji una ajenda.

Kijiti tangini: 1966–2016

Historia ya mafuta ilikwenda njia yake. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER kilianza Kigamboni mwaka 1966. Miaka miwili baadaye bomba la TAZAMA likafunguliwa, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, baada ya uasi wa walowezi wa Rhodesia mwaka 1965 kuifungia Zambia njia ya kusini. Bomba la urefu huo lilifundisha kanuni ambayo watu wa maji wangeipata baadaye: pima kinachoingia, pima kinachotoka, kisha tafuta tofauti imekwenda wapi.

Bandarini kipimo kilikuwa kijiti. Meli ikifika, maofisa hupima kina cha mafuta katika matangi ya meli, kisha katika matangi ya nchi kavu kabla na baada ya kupakua, na kutumia majedwali kugeuza kina kuwa ujazo. Njia hiyo inakubalika duniani kote hadi leo. Tatizo ni kwamba inategemea mkono wa mtu, jicho la mtu na jedwali la tangi, na tangi pana halisamehe: kosa la milimita chache kwenye kijiti ni maelfu ya lita.

Joto nalo huleta utata. Dizeli huvimba kwa takriban asilimia 0.08 kwa kila nyuzijoto moja. Shehena ya lita milioni 40 ikipata joto la nyuzi 10 huongezeka kwa lita zaidi ya 300,000, ambazo zingejaza karibu magari tisa makubwa ya mafuta, bila hata tone moja kuongezwa. Kwa hiyo wafanyabiashara hurudisha hesabu kwenye joto la rejea, kwa kawaida nyuzi 15 au 20. Gesi ni ngumu zaidi. Ilipoanza kutoka Songo Songo kwenda Ubungo mwaka 2004, kupitia bomba la kilomita 232, mita ilibidi isomwe pamoja na shinikizo na joto, maana gesi ileile ikibanwa mara mbili hubaki nusu ya ujazo.

Kodi ndiyo iliyopandisha joto la siasa. Tanzania hutoza ushuru na tozo za mafuta kwa kila lita, kwa hiyo lita isiyohesabiwa bandarini ni kodi isiyolipwa. Mita za mtiririko zilifungwa katika bandari ya Dar es Salaam, kisha zikawekwa kando kwa miaka kadhaa katika mabishano kuhusu usahihi wake, na kijiti kikarudi. Februari 2016 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifika bandarini kwa ghafla, akakuta mita hazitumiki, na akaagiza zirudishwe kazini. Kuanzia hapo "flow meter" likawa neno la magazetini na la vijiweni.

Mjadala ulipotulia, kilichobaki wazi kilikuwa swali la nani anakagua mita. Mamlaka ya Bandari humiliki kifaa, kampuni za mafuta hupokea shehena, Mamlaka ya Mapato hutoza. Kila mmoja ana maslahi katika namba. Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, hauuzi wala haununui. Kazi yake ni kuhakiki na kufunga lakiri. Maofisa wake ndio wanaopima pampu za vituo vya mafuta, ambazo kwa kanuni za kimataifa zinaruhusiwa kukosea nusu asilimia tu, na kituo chao cha Misugusugu mkoani Pwani hupima ujazo wa magari ya mafuta na kuhakiki dira za maji.

Tanga iliingia katika ramani hiyo mwaka 2015, bandari yake ilipoanza kupokea shehena za mfumo wa uagizaji mafuta kwa pamoja kwa ajili ya mikoa ya kaskazini. Kigamboni, ujenzi wa matangi 15 ya kupokelea mafuta, yenye uwezo wa mita za ujazo 378,000, ulianza Februari 2024. Lengo ni shehena ishuke mahali pamoja na kupimwa mahali pamoja kabla haijagawanywa kwa kampuni.

Chongoleani: 2016 na kuendelea

Uganda iligundua mafuta ya kutosha biashara katika bonde la Ziwa Albert mwaka 2006. Baada ya miaka ya kulinganisha njia, Aprili 2016 iliichagua Tanga. Tarehe 5 Agosti 2017 Marais John Magufuli na Yoweri Museveni waliweka jiwe la msingi Chongoleani. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulifanyika Februari 2022, na hadi 2025 ujenzi ulikuwa umevuka nusu.

Bomba lina urefu wa kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania, katika mikoa minane. Upana wake ni inchi 24. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi na huganda kwenye joto la kawaida, kwa hiyo bomba linafunikwa kwa kihami na kupashwa moto ili yabaki juu ya nyuzi 50 hadi baharini. Chongoleani kuna matangi manne, kila moja la mapipa 500,000, na gati la kupakilia meli.

Umuhimu wa mita hapa unaonekana kwa hesabu fupi. Kiwango kilichopangwa ni mapipa 216,000 kwa siku, na ada ya kusafirisha ni dola 12.77 kwa pipa. Mita ikikosea asilimia 0.2 tu, ni mapipa 432 kwa siku. Kwa ada peke yake ni zaidi ya dola 5,500 kila siku, au takriban dola milioni 2 kwa mwaka, kabla ya kuhesabu thamani ya mafuta yenyewe. Wamiliki wa bomba ni wanne: TotalEnergies yenye asilimia 62, UNOC ya Uganda na TPDC ya Tanzania zenye 15 kila moja, na CNOOC ya China yenye 8. Wote wanagawana kutokana na namba ileile.

Teknolojia ya kazi hiyo imetoka mbali na gurudumu la dira. Mwaka 1832 Michael Faraday alijaribu kupima mto Thames kwa sumaku ya dunia akiwa daraja la Waterloo, akashindwa. Mita za sumaku zilifanikiwa kibiashara katika miaka ya 1950, na leo hupima maji katika mabomba makuu. Kwa mafuta hazifai, kwa sababu mafuta hayapitishi umeme. Huko hutumika mita za turbini, za mawimbi ya sauti, au zile zinazofuata kanuni iliyoelezwa na Gaspard-Gustave de Coriolis mwaka 1835: mrija hutikiswa, mafuta yanayopita huupinda kidogo, na mpindo huo unaonyesha uzito uliopita moja kwa moja. Mita za Coriolis ziliingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwa biashara ya mafuta faida yake ni kubwa: uzito hauvimbi kwa joto.

Hata mita hizo haziaminiwi kwa neno lao. Kwenye vituo vya kukabidhiana mafuta huwekwa bomba la uhakiki, lenye mpira unaosukumwa na mafuta kati ya vitambuzi viwili. Ujazo kati ya vitambuzi hivyo umepimwa na kuthibitishwa kabla. Mita inasoma, mpira unapita, na masomo mawili yanalinganishwa mbele ya wawakilishi wa pande zote. Bomba la uhakiki lenyewe hupimwa kwa vyombo vilivyohakikiwa na taasisi ya vipimo, na vyombo hivyo navyo vina cheti kinachofuata viwango vya Shirika la Kimataifa la Vipimo vya Kisheria, lililoanzishwa mwaka 1955 na lenye makao yake Paris.

Mita za bomba refu zina kazi ya pili. Kompyuta zikilinganisha kinachoingia na kinachotoka kila wakati, upungufu usioelezeka ni dalili ya mpasuko au ya tundu la mwizi. Kwa bomba linalokatiza mashamba, malisho na mito kabla ya kufika pwani yenye mikoko na wavuvi, kosa la mita linaweza kuwa mafuta yaliyomwagika shambani saa kadhaa kabla mtu hajayaona.

Meli ya kwanza itakapopakia Chongoleani, namba itaandikwa mara mbili: na mita za nchi kavu, na wapimaji wa matangi ya meli. Kwa kawaida ya biashara hii namba ya nchi kavu ndiyo huingia kwenye hati ya shehena, na tofauti ikivuka kiwango kilichokubaliwa, mkaguzi wa kujitegemea huitwa kabla nanga haijang'olewa. Nakala za hati hiyo zitakwenda kwa wanahisa wanne, kwa mamlaka za mapato za nchi mbili, na kwa mnunuzi aliye ng'ambo ambaye hajawahi kuiona Tanga.